Picha ya Moyo wa Mwalimu wa Tarumbeta

Saa ya mkononi ya Mwalimu wetu wa tarumbeta haikufanya kazi tangu nimjue. Aliivaa kila siku, mkanda wake wa chuma ukining'inia, mishale imesimama palepale, na bado ole wako ufike mazoezini umechelewa. Ukiingia wenzako wameshaanza, hakukugombeza. Alinyanyua mkono, akaitazama ile saa mbovu kwa makini, akakutazama wewe, kisha akairudia saa. Kanisa zima lilijua kwamba saa ile haisemi kitu, na wewe mwenyewe ulijua, lakini ungetamani ardhi ipasuke uingie.

Naanza na saa kwa sababu sitaki kuanza na moyo wake. Waliomfahamu mwishoni humsimulia kama mgonjwa tu: alipelekwa Dar, akapasuliwa, akawekewa valvu ya chuma, akarudi, basi. Inaniudhi. Mtu aliyewafundisha watu wa Isansa, kwetu, kupuliza tarumbeta, baba kisha watoto wa baba huyo, hawezi kugeuzwa kuwa habari ya ugonjwa. Halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeuona ugonjwa wenyewe kwenye kioo cha mashine kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba sina namna ya kumsimulia nikaukwepa. Lakini utasubiri zamu yake.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa kile tulichopuliza. Kulikuwa na Soprano, Tena, na Besi, kijana mmoja mnene mwenye mashavu ya kutosha watu wawili, ambaye leo ni baba wa familia na bado anaitwa Besi hata na mkwe wake. Mimi nilikuwa Alto. Nilikuwa Alto nikiwa shule ya msingi, nikabaki Alto siku ya harusi yangu, na siku aliyolala kwenye kitanda changu cha vipimo, nimevaa koti jeupe na kitambulisho kifuani, aliniambia, "Alto, mikono yako ya baridi."

Mimi nilikuwa msichana wa kwanza kwenye kundi lile. Wazee wa kanisa walimfuata shambani, akiwa anageuza kahawa kwenye vichanja, wakamweleza kwamba msichana akipuliza chombo kile atapasuka kifua, na asipopasuka kifua ataharibika midomo akose mchumba. Walikuwa na sababu nyingi na hazikuelewana zenyewe kwa zenyewe. Aliwasikiliza mpaka mwisho huku mikono ikiendelea na kahawa. Jumamosi akanikabidhi alto mbele ya watu wote na kusema, "Puliza, tuone kipi kitapasuka."

Kusifia hakujua. Ukipiga vizuri kabisa, alisema "Endelea." Ukipiga vibaya pia alisema "Endelea," na ilikubidi umtazame usoni ujue ni ipi. Vinanda vya umeme alivichukia waziwazi. Alisema ni chombo cha mtu anayetaka kuimba akiwa amekaa. Lakini simu yake ililia kwa wimbo wa dansi wa Zambia aliowekewa na kijana mmoja wa Tunduma, gitaa likikimbia na mwanamke akicheka katikati, na simu hiyo hakuwahi kuizima ibadani. Ililia wakati wa sala, ililia wakati wa mahubiri. Yeye aliisikiliza kidogo, kichwa kikitikisika kwa mbali, ndipo akapokea.

Aliogopa sindano kuliko mtoto. Alipiga kwenye mazishi ya mtu yeyote, hata ya mwenye baa ambaye kanisa lilikuwa limemtenga. Siku ile mzee mmoja alimwuliza kama amepata ruhusa. Mwalimu akajibu kwamba marehemu hakuomba ruhusa ya kufa, na akamwambia Besi aanze.

Na alikuwa na lile neno lake la waliochelewa. Aliamini kwamba mwendo wa muziki humwingia mtu kabla hajajifunza kuona aibu. Mtu mzima anafikiria kwanza ndipo apige, na anapomaliza kufikiria wenzake wameshapita. Hata hivyo hakumfukuza mtu. Ukimletea kijana mkubwa, au baba mzima aliyeingiwa na hamu ya tarumbeta ukubwani, alimweka mbele yake, akamgonga begani kwa vidole viwili, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, mazoezi mazima, akimsubiri ashike. Asiposhika, aliwageukia waliomleta na kusema, bila ukali wowote, "Huyu mmeniletea kachelewa. Mpeni ngoma."

Jambo hili lilinishangaza. Ngoma kubwa ndiyo inayotushika wote. Utampaje mtu asiyeshika mwendo? Siku moja tukisubiri mvua ikatike chini ya paa la kanisa nilimwuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Kwenye alto akikosea atajificha," alisema. "Kwenye ngoma hana pa kujificha. Akikosea wote tunasikia, na tunamsubiri."

Alfajiri ya Pasaka kwetu haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Giza likiwa bado, kundi la tarumbeta linapita barabarani kuamsha watu. Tunasimama kila njia panda, tunapiga ubeti mmoja, tunaendelea, na watu wanatoka majumbani na mablanketi na tochi wakitufuata nyuma, mpaka tunafika na kusimama katikati ya makaburi, ya saruji na ya udongo, tukitazama upande jua linakotokea. Ni msimu wa mvua. Ukungu umelala juu ya mibuni, nyasi zimelowa, matope yanang'ang'ania viatu, na midomo ya tarumbeta ni ya baridi mpaka inauma. Hakuna anayeongea. Jua likichungulia, soprano moja inaanza peke yake, mstari mmoja tu, ndipo sisi wengine tunaingia.

Soprano hiyo ilikuwa ya Mwalimu. Hakumwachia mtu. Alisema wafu hawaamshwi na kundi, wanaamshwa na mtu anayewajua, na yeye aliwajua, maana wengi wao aliwapigia siku walipozikwa. Mstari wenyewe hauna ugumu. Ni mrefu tu, na hauna mahali pa kuvuta pumzi katikati. Yeye sasa yuko humohumo makaburini, upande wa juu, karibu na miti ya mipaka.

Nilipokuwa nimeshaondoka Isansa, nikisomea kazi yangu, nilikuwa narudi kila Pasaka, na mwaka mmoja nikakuta mstari ule unapigwa na mpigaji mwingine wa soprano. Mwalimu alikuwa amesimama kando na fimbo yake ya kuongozea, kaegemea msalaba wa saruji. "Nao wajifunze," alisema nilipomtazama. Tukaona ni busara ya mtu mzima. Na wakati huo alikuwa ameanza tabia ya kusimama njiani akipanda kutoka mtoni, anaingia kwenye mashamba ya watu kukagua mibuni yao. Anashika tawi, anageuza jani, anauliza mbona hamjapogoa. Tulimcheka kwamba sasa amekuwa bwana shamba wa kujitolea. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

Kliniki ninayofanyia kazi iko Tunduma, upande ambao kelele za malori yanayosubiri kuvuka hazikomi. Wagonjwa wengi hutoka upande wa pili wa mpaka, Nakonde ya Zambia, wanaingia na "mukwai" zao za heshima na kuvua viatu mlangoni hata ukiwakataza. Kazi yangu ni kupiga picha za moyo. Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto akitazama ukuta, mkono wa kushoto chini ya kichwa, mimi nyuma yake na mashine, nampaka jeli, nabonyeza kifaa katikati ya mbavu, na moyo unatokea kwenye kioo, ukijikamua na kujiachia. Kila siku naona mioyo. Nilishaacha kustaajabu, mpaka alipoletwa yeye.

Aliletwa na mkewe. Miguu ilikuwa imevimba, na hakuweza tena kulala bila kuegemea mito. Mke wake, mama mwembamba asiyemaliza sentensi, alinieleza habari yote kwa kunionyesha: akanionyesha miguu, akanionyesha mito waliyokuja nayo kwenye gari. Nikampima. Mlango mmoja wa moyo, yaani valvu, ule wa kushoto katikati ya chumba cha juu na cha chini, ulikuwa umekakamaa na haukufunga. Kila moyo ulipojikamua, damu nyingi ilirudi nyuma ilikotoka. Hilo hata mtoto angeliona; kwenye kioo, ambako mashine huipa rangi damu inayokimbia, lilikuwa rangi tupu. Yaelekea lilianza utotoni, koo likiuma na viungo vikivimba, ugonjwa ambao kwetu watu waliuita kukua.

Lakini si hilo lililonitisha. Mlango mbovu unabadilishwa. Kilichonitisha ni chumba chenyewe, kile cha chini. Moyo ukishajikamua unatakiwa ubaki mdogo, kama ngumi. Wake ulijikamua ukabaki mkubwa. Ulikuwa umetanuka kama ule mpira wa baiskeli tunaofungia mizigo, ambao umevutwa mara nyingi mpaka umesahau kurudi.

Daktari wa moyo, anayekuja kwetu kutoka Mbeya kila baada ya muda, aliitazama picha ile pamoja nami. Ni mtu mpole, haongei kwa haraka. "Valvu watamwekea, na itakaa vizuri," alisema. "Huu msuli ndio unaonipa shaka." Akanieleza kitu ambacho nilikisoma darasani lakini sikuwahi kukiona kwa mtu ninayempenda. Mlango unaovuja unauficha udhaifu wa moyo, maana sehemu ya kazi ya moyo huwa ni kurudisha damu nyuma, ambako hakuna uzito. Ni kama mtu anayesukuma toroli kwenye mteremko. Ukimtazama utadhani ana nguvu. Ukiuziba mlango, moyo unaanza kusukuma damu yote kwenda mwilini, yaani toroli sasa linapanda mlima, na hapo ndipo unajua msuli umebaki na nini. "Bila upasuaji tutampoteza mapema," alisema. "Kwa upasuaji anaweza kurudi, anaweza asirudi. Kwa picha hii, mimi nisingetarajia arudi kama zamani. Tungempata mapema zaidi ingekuwa habari nyingine."

Kwetu habari ya namna hiyo haambiwi mgonjwa. Wanaambiwa ndugu, nao wanaibeba. Daktari alimweleza mke wa Mwalimu pembeni, kwa upole na bila kuficha, na yule mama akaitikia kila neno. Daktari alipoondoka, mama alinishika mkono koridoni na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akimaliza alichotaka kusema. "Mwanangu, mambo ya picha uwe unaniambia mimi. Yeye mwache ale chakula."

Nikakubali. Sijui ningekataaje.

Akaenda Dar, akapasuliwa, akarudi. Upasuaji ulikwenda vizuri, na narudia kusema hivyo kwa sababu watu hupenda kutafuta wa kumlaumu. Waliomfanyia kazi walifanya kazi safi. Valvu ile ilikuwa inafunguka na kufunga vizuri kiasi kwamba nilipoiona mara ya kwanza kwenye kioo nilitabasamu peke yangu.

Valvu ya chuma ina sauti. Ukikaa karibu na mtu aliyewekewa, mahali pa kimya, unaisikia ikigonga, tiki, tiki, kama saa ndogo. Kanisa zima liliisikia wakati wa sala ya kimya. Watoto walianza kugombania kukaa benchi la nyuma yake. Besi ndiye aliyelitoa lile neno ambalo lilizunguka mpaka Vwawa, kwamba hatimaye Mwalimu ana saa inayotembea. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akashika kidonda.

Akina mama wa kanisa walikuwa na tafsiri yao. Mtu amepasuliwa kifua kizima, damu imemwagika huko Dar, sasa inatakiwa irudishwe. Wakaja na majagi ya juisi ya matembele, ya kijani nzito, wanayowapa wazazi waliotoka kujifungua. Sasa mtu mwenye valvu ya chuma anakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi isigande kwenye valvu, na majani yale yakizidi yanaipiga vita dawa hiyo. Nilifunga safari mwenyewe kwenda kuwaeleza. "Kwa hiyo tumwache hivi hivi, mweupe namna hii?" aliniuliza kiongozi wao, mikono kiunoni. Waliondoka wamenuna. Juma lililofuata walirudi na majani ya maboga, maana mimi nilikataza matembele. Nikarudi tena Isansa, nikapiga kelele, wakacheka, tukaelewana, wakaanza kumletea maziwa. Na matembele niliweza kupigana. Ile picha sikuwa na la kuifanya.

Kwa sababu kila alipokuja kupimwa, nilichoambiwa kitatokea ndicho kilichokuwa kinatokea. Valvu nzuri, chumba kikubwa. Valvu nzuri, msuli unasinzia zaidi. Yeye amelala akitazama ukuta, haoni kioo, mimi nyuma yake napima, na kila mara swali lilikuwa moja.

"Alto, picha inasemaje?"

"Valvu iko vizuri, Mwalimu."

"Endelea," anasema.

Nami siuoni uso wake, kwa hiyo sikujua kama ni endelea ya kupatia au ya kukosea.

Kisha kukaja shukrani. Kwetu ukitoka hospitali unasimama kanisani kushukuru, na shukrani ina utaratibu wake. Unakwenda mbele na familia yako, unasema uliumwa, unasema Mungu amekuponya, vigelegele vinapigwa, kundi linapiga. Hakuna shukrani ya nusu. Sijawahi kumsikia mtu akisimama pale aseme amepona kidogo, wala aseme amepona ila madaktari wana wasiwasi. Angeonekana amemvunjia Mungu heshima, na waliofunga na kumwombea wangekwenda nyumbani na nini?

Nilikuwa nimekaa benchi la kati. Nilimwona akipanda ile ngazi moja ya madhabahu na kusimama kidogo juu yake, akijifanya anarekebisha koti. Mkewe alikuwa pembeni, macho chini. Akasema aliumwa. Akasema Mungu amempa moyo mpya. Vigelegele vikapasua paa. Ndipo mzee mmoja, mmoja wa walewale waliosema nitapasuka kifua, akasimama kwa furaha yake yote na kuuliza kwa sauti, "Na Pasaka je, Mwalimu?"

Kanisa likanyamaza kumsubiri. Kule mbele iligonga ile tiki, na nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia kwamba haikuwa inagonga sawasawa.

"Pasaka nitapiga," alisema.

Nilitaka kusimama. Nilitaka kupiga kelele kwamba mwacheni, hamjui mnachokiomba, nimekiona kwa macho yangu. Ningesimama nikasema nini, na mkewe yuko pale mbele ameibeba habari ile kimya, na yeye mwenyewe anatazama watu wake kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa mtoto? Nilipiga makofi. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikilia, na jirani yangu akanikumbatia akidhani ni furaha.

Kuanzia siku hiyo alijiandaa. Mkewe aliniambia kwamba kila jioni alitoa soprano kwenye boksi, akaifuta, akaipaka mafuta, akaiweka mdomoni bila kupuliza, akairudisha. Alikuwa anangoja pumzi irudi. Kwa hesabu yake ilikuwa njiani, maana alishatengenezwa, na mtu aliyetengenezwa hupona. Hakutaka kitu kingine. Hakuomba kuishi sana. Aliutaka ule mstari mmoja, alfajiri ile, mbele ya watu wake walio hai na waliokufa.

Nilimwuliza daktari kama kuna cha kuongeza. Kulikuwa na dawa, na alipewa zote. Maji yalipungua miguuni, akalala vizuri zaidi, akala. Lakini chumba kile kwenye kioo hakikurudi nyuma hata kidogo. Daktari alikitazama, akavua miwani, akaniambia, "Mwache afanye anachopenda. Asikimbie tu."

Alfajiri ya Pasaka ikafika na ukungu wake. Hakupita barabarani nasi. Walimpeleka makaburini kwa pikipiki, akawekewa kiti, akakikataa. Tulipofika alikuwa amesimama na soprano chini ya koti kuitunzia joto. Besi alisimama nyuma yake, karibu kuliko kawaida. Hatukuwa tumepanga hivyo, ila nilipogeuka kutafuta nafasi yangu nikaona kundi zima limesogea, kila mtu hatua moja kumwelekea yeye.

Jua likachungulia. Akainua soprano. Noti ya kwanza ilitoka safi, pana, ileile, na nikasikia mtu mmoja nyuma akivuta pumzi kwa mshangao. Ya pili ikatoka. Kisha ikaja ile sehemu ndefu, na sauti ikaanza kukonda. Ikakonda mpaka ikawa upepo unaopita kwenye shaba. Hakuishusha tarumbeta. Alibaki ameiinua, mashavu yamejaa, macho yamefumba, na hakuna kilichotoka.

Tulimsubiri. Nadhani ule ndio mstari mrefu kuliko yote niliyowahi kuisubiri katika maisha yangu. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyekohoa. Mvua nyepesi ilikuwa inaanza kugonga juu ya ngoma. Halafu Besi akaingia, chini kabisa, polepole, akaubeba ule mstari kutoka pale ulipoangukia, nasi tukamfuata. Watu walisema baadaye kwamba Mwalimu alizidiwa na Roho. Walikuwa wanampenda, na hilo ndilo walilokuwa nalo la kusema.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kliniki, juma moja baadaye. Mkewe alibaki nje na mito. Mwalimu alijilaza mwenyewe ubavu, akitazama ukuta, akaweka mkono chini ya kichwa kama mtu aliyeshazoea. Alikuwa amevaa ile saa. Nikampaka jeli. Sikutaka kutazama kioo, nikakitazama.

Mashine yetu inaweza kutoa sauti ya damu ikipita kwenye mlango wa moyo. Mgonjwa mwingine yeyote namwachia asikie. Kwake, tangu arudi Dar, nilikuwa naizima. Niliogopa lile sikio lake.

"Alto," alisema akiwa ameelekea ukutani. "Huwa unafungulia wengine sauti. Nawasikia nikiwa pale kwenye benchi. Mimi mbona hunifungulii?"

Nikapandisha sauti.

Ikajaa chumbani. Kulikuwa na upepo wa damu, ukija na kuondoka, na juu yake ile tiki ya chuma. Tiki. Tiki, tiki. Kimya. Tiki. Alisikiliza. Kisha nikaona vidole vyake viwili vikianza kugonga ukingo wa kitanda, vilevile vilivyowagonga mabegani waliochelewa, moja, mbili, tatu. Tiki ikawahi. Akasimamisha vidole, akasubiri, akaanza upya. Moja, mbili. Tiki ikachelewa. Akaanza upya tena, polepole zaidi, kwa ile subira yake ya ajabu ambayo hakumnyima mtu, akiisubiri ishike. Nje lori lilipiga honi na likanyamaza. Aligonga muda mrefu. Mimi nilishikilia kifaa kifuani mwake na sikuthubutu kukiondoa.

Vidole vikatulia.

"Huyu mmeniletea kachelewa," alisema.

Nikasema kitu pekee nilichokuwa nimejizoeza kusema. "Valvu iko vizuri, Mwalimu."

"Valvu ni nzuri, najua. Wala usimwambie mama kwamba najua. Mwache alale." Kisha sauti yake ikaja na kacheko ndani yake. "Mpeni ngoma."

Nilitaka kumjibu kwamba tutamsubiri. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake, yale aliyoniambia tukiwa tunangoja mvua chini ya paa la kanisa, na hakuna mengine yaliyofaa. Hayakutoka. Nikazima mashine, nikachukua karatasi, nikaanza kumfuta jeli kifuani, taratibu, kandokando ya kovu, na ilipokwisha nikaendelea kufuta.